Pampasi za chupi: zinamfundisha mtoto au ni nepi iliyobadilishwa jina?

MamaShani (mtoa mada)

Habari za humu wazazi wenzangu.

Nina binti wa miaka 2 na miezi 5. Miezi miwili iliyopita nilimtoa kwenye nepi za kubandika kiunoni nikamhamishia kwenye hizi pampasi za chupi, zile za kupandisha na kushusha. Paketi inasema ni za mafunzo, nami nikaamini. Nilijiambia paketi mbili tatu, kazi imekwisha.

Kilichotokea sasa. Kuivaa ameshajua, tena anaivaa kwa madaha, anajitazama kwenye kioo kabisa. Halafu anakwenda kusimama pembeni ya kochi, anakaza macho, anakojoa humo humo, anarudi kwenye michezo yake. Poti iko hatua mbili kutoka hapo! Akishalowa wala hashtuki. Anayeshtuka ni mimi, nikiona kitu kimening'inia karibu na magoti.

Waliopita njia hii naomba mniambie ukweli. Hizi pampasi zinafundisha kweli? Au nimekuwa nikinunua nepi kwa jina la chupi?

---

BabaWawili

Mama Shani, hiyo ni nepi. Wamebadilisha mshono tu. Ile ya kubandika anavalishwa akiwa amelala, hii anavaa akiwa amesimama, tofauti imeishia hapo.

Na kwa kumbukumbu tu: zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1989, Huggies Pull-Ups. Watu waliozaliwa kabla ya hapo nao waliacha nepi. Nasema tu.

---

MamaPacha

Kaka usizibeze hivyo, wewe hujawahi kubadilisha mapacha wawili wanaokimbia pande mbili tofauti. Mtoto akishafika umri wa kukataa kulala chali, nepi ya kubandika ni mieleka. Unabandika upande huu, ule umeshabanduka. Hizi unampandishia akiwa amesimama ameshika meza, dakika haijaisha umemaliza.

Wangu mmoja, Kulwa, aliachia nepi humo humo ndani ya pampasi za chupi. Alikuwa anazishusha mwenyewe, anakaa poti, anapandisha. Wiki tatu akawa mkavu mchana. Doto alivaa zile zile, paketi ile ile, akazifanya nepi kwa miezi saba. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema "zinafundisha" au "hazifundishi" namuuliza, kwa mtoto yupi?

---

NesiWaWatoto

Nimefanya kazi na watoto muda mrefu na nimelea watatu wangu, ngoja niseme kidogo.

Ndani ya pampasi hizo kuna chembechembe za kemikali inayoitwa sodiamu poliakrileti, ndizo zile zile zilizomo kwenye nepi za kawaida. Zikipata maji zinavimba na kuwa jeli. Maji matupu zinafyonza mara mamia ya uzito wake. Mkojo una chumvi, kwa hiyo zinafyonza pungufu ya hapo sana, lakini bado inatosha kumeza mkojo wa mtoto mdogo na uso wa juu ukabaki karibu mkavu. Mama Shani, ndiyo maana binti yako hashtuki. Hakuna cha kumshtua. Ngozi yake haijalowa.

Sasa rudi kwenye maelezo yako mwenyewe. Umesema anakwenda pembeni ya kochi, anasimama, anakaza macho. Wewe umeiandika kama lalamiko, mimi nimeisoma kama habari njema. Mtoto anayejitenga kwenda kukojoa anajua mkojo unakuja. Hilo ndilo gumu kuliko yote na ameshalipata. Yale mengine tunayoangalia ni kukaa mkavu saa mbili hivi, kufuata maelekezo mepesi ("lete kiatu", "weka hapa"), na kuweza kushusha nguo. Hilo la mwisho pampasi ya chupi kweli inamsaidia kujizoeza, tusiinyime haki yake. Inamfundisha mikono. Kibofu haikifundishi.

Kuna utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2006. Waliwabadilishia watoto nepi, pampasi za chupi na chupi za kitambaa, wakahesabu nani anajilowesha mara ngapi. Pampasi za chupi hazikupishana na nepi kwa kiasi cha maana. Chupi za kitambaa ziliwasaidia wawili. Watoto wenyewe walikuwa 5 tu, kwa hiyo msiutangaze kama sheria.

---

BabaWawili

Si ndiyo nilichosema kwa maneno machache 😂

---

Bibi_wa_Tisa

Wanangu, nimelea sita na wajukuu tisa. Nepi zetu zilikuwa za kitambaa, unafua, unaanika, unakunja, kesho unaanza tena. Mtoto akikojoa analia palepale, maana kimemlowa. Mwaka na nusu wengi walikuwa wameshaacha.

Lakini nisiwadanganye. Hao watoto hatukuwa tumewafundisha sana. Tuliofundishika ni sisi. Ulikuwa unajua huyu akiamka anakojoa, akimaliza kula hazipiti dakika ishirini anataka kubwa. Unamkamata kabla. Uchovu wa kufua ndio uliotufanya wanafunzi wazuri. Nyie mna kitu kinachomeza mkojo na hakilalamiki, nani atakuwa na haraka?

---

Msomaji_Kimya

Bibi hapo kwenye dakika ishirini baada ya kula umepiga mle mle. Tumbo likipokea chakula, utumbo mkubwa unaamka. Ndiyo sababu wanashauri mtoto akalishwe poti baada ya mlo.

Na kuhusu umri: daktari wa watoto Brazelton, Mmarekani, mwaka 1962 alichapisha taarifa za watoto 1,170. Wastani wa kuwa mkavu mchana ulikuwa miezi 28 na nusu. Yeye ndiye aliyeeneza wazo la kumsubiri mtoto aonyeshe dalili badala ya kumlazimisha.

---

BabaWawili

Malizia hadithi mkuu. Huyo huyo daktari mwaka 1998 alionekana kwenye tangazo la Pampers, la nepi kubwa zaidi za watoto wakubwa. Watu walimsema sana.

---

NesiWaWatoto

Walimsema, ndiyo. Lakini wazo lake la kutomlazimisha mtoto lilitangulia hilo tangazo kwa zaidi ya miaka 30, na mpaka leo madaktari wengi wa watoto wanalifuata. Tusichanganye.

---

MamaJunior

Jamani mnaongea utafiti, mimi nina kisa. Za kwangu zilikuwa na nyota mbele, mtoto akikojoa nyota zinafutika. Lengo ni mtoto ajitahidi nyota zisipotee. Junior akaona ni mchezo! Anakojoa makusudi, anainama kuangalia, anapiga makofi, "Mama, zimekwenda!" Siku moja alikuja analia kwa sababu zimebaki mbili, anataka maji anywe azimalizie.

---

MamaShani (mtoa mada)

😂😂😂 Mama Junior umeniua.

Za kwangu hazina nyota, zina ule mstari wa njano unaogeuka bluu. Unanisaidia mimi kujua, yeye haumhusu.

---

Kaka_Mlezi

Mimi nilijaribu zile za kibaridi, zinazompa mtoto hali ya ubaridi akikojoa ili ahisi. Mpwa wangu akawa anasema "baridi" halafu anaendelea na katuni. Alihisi, sawa, ila hakujali. Nahisi hilo ndilo tatizo lenyewe. Kuhisi si kazi, kazi ni kukatisha mchezo.

---

MgeniHumu

Samahani kuingilia na swali la kijinga. Nina miezi miwili tu nazo. Akiwa amekojoa nazishusha tu. Je, akiwa amepata choo kikubwa? Jana nilishusha mpaka miguuni, nikajuta kuzaliwa. Mpaka soksi.

---

MamaPacha

Usishushe!! Chana ubavuni. Pande zote mbili kuna mshono laini, shika juu kiunoni, vuta kwa nje, unachanika mpaka chini. Fanya huku ameinama ameshika kitu, toa kwa nyuma kama nepi ya kawaida. Baadhi zina pande za kubandua na kubandika tena, hizo kwa safari ni nzuri zaidi maana huhitaji kumvua viatu na suruali ili umvalishe nyingine.

Kinyesi kidondoshee chooni, pampasi yenyewe ikunje, ifunge, itupe kwenye taka. Usithubutu kuiflashi. Ile jeli ikivimba ndani ya bomba utamuita fundi.

Na msichana mfute kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara.

---

MgeniHumu

Asante sana. Hakuna aliyewahi kuniambia zinachanika. Miezi miwili!

---

Kaka_Mlezi

Kwa kuwa tumegusa jeli: kuna aliyewahi kufua moja kwa bahati mbaya? Ilijificha ndani ya suruali, ikaingia kwenye mashine ya kufulia. Nilipofungua mlango nilidhani kuna theluji. Kila nguo ina vijipande vya kuteleza, nikisuuza vinazidi kuvimba.

---

Msomaji_Kimya

Maji ndiyo yanayovilisha. Nguo zianike zikauke kabisa, kisha zikung'ute nje. Ndani ya mashine futa kwa kitambaa kikavu, kisha nyunyiza chumvi kwenye mabaki. Chumvi inaifanya jeli iachie maji na kusinyaa. Halafu endesha mashine tupu.

---

MamaShani (mtoa mada)

Turudi kwangu kidogo. Nimewasikia. Nesi, kwa hiyo nimvue pampasi leo leo nimvalishe chupi za kitambaa? Naogopa kochi langu.

---

NesiWaWatoto

Mchana, mkiwa nyumbani na una siku chache za kutulia, ndiyo. Atalowa, tena sana, hasa siku za mwanzo. Weka chupi nyingi karibu, suruali nyepesi isiyo na vifungo au usimvalishe kabisa, na zulia likunje. Kochi litandikie.

Kitu kimoja kidogo kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani: usimuulize "unataka kukojoa?" Mtoto wa miaka miwili jibu lake ni "sitaki" hata kwa vitu anavyovitaka. Mwambie tu "sasa twende poti", kwa sauti ya kawaida, akiamka, baada ya kula, kabla ya kutoka, kabla ya kuoga. Akikaa dakika mbili tatu bila kitu, mwache ainuke. Miguu yake iguse chini au kwenye kigoda, miguu ikining'inia hawezi kukaza wala kulegeza vizuri.

Akilowa msaidie abadilishe. Usimcheke, usimkaripie, usimfananishe na mtoto wa jirani. Mkiona wiki mbili zimepita na ni vita kila siku, acheni, mrudi baada ya wiki kadhaa. Hamjapoteza kitu.

---

MamaPacha

Na zile chupi nene za kitambaa za mafunzo, zenye tabaka katikati? Doto ndizo zilizomtoa. Zinashika sehemu ya mkojo, sakafu inapona kidogo, lakini yeye analowa na anajua kalowa. Unafua, ndiyo.

---

NesiWaWatoto

Hizo ni za katikati, nzuri. Kazi ya kufua anayo mzazi, kazi ya kuhisi anayo mtoto.

---

Baba_Zuhura

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Wangu ana miaka 3. Haja ndogo anakwenda chooni vizuri sana. Kubwa hataki. Anatuletea pampasi ya chupi, anavaa, anakwenda nyuma ya pazia, anamaliza, anasema "nivue". Tukikataa kumpa anazuia siku tatu. Mama yake anasema tumdekeze, mimi nasema tunalea mazoea mabaya. Nyumba haina amani.

---

NesiWaWatoto

Baba Zuhura, kwenye hili naungana na mama yake, na sababu yangu haihusiani na kudekeza.

Mtoto akizuia, kinyesi kinakaa utumbo mkubwa, kinanyonywa maji, kinakuwa kigumu. Siku kikitoka kinamuumiza. Akiumia mara moja tu anaamua hatatoa tena, na kinachofuata ni kigumu zaidi. Kikirundikana kinaweza kusukuma kibofu akaanza kujikojolea, au kinyesi cha majimaji kikavuja pembeni ukadhani anaharisha. Pampasi nyuma ya pazia ni nafuu mara mia kuliko hayo.

Kwa hiyo mpe, ila isogeze taratibu. Wiki hii avae lakini asimame bafuni badala ya nyuma ya pazia. Akizoea, avae hiyo hiyo lakini akalie poti. Baadaye ilegeze. Watu wengine wanaitoboa tundu chini huku amekalia poti, na inafanya kazi. Maji ya kutosha, matunda, mboga. Kama kinyesi tayari ni kigumu au analia akitoa, mpelekeni kwa daktari kwanza apate cha kulainisha. Mafunzo yatasubiri.

---

Baba_Zuhura

Nimemwonyesha mke wangu. Amenisomea kwa sauti mara mbili.

---

MamaJunior

Na usiku je? Junior mchana mkavu mwezi wa nne sasa, usiku bado anavaa na asubuhi imejaa. Mama mkwe ananiambia ni uvivu wangu kuendelea kumvalisha, nimuamshe saa nane nimpeleke.

---

NesiWaWatoto

Usiku ni jambo jingine kabisa. Mwili una homoni inayopunguza mkojo wakati wa kulala, na kila mtoto inakomaa kwa wakati wake. Hufundishi, unasubiri. Kumuamsha saa nane kunalinda shuka, lakini hakuiharakishi homoni. Hospitali haihesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo mpaka mtoto atimize miaka 5, na hata hapo kiasi cha watoto 15 kati ya 100 bado wanalowa. Mara nyingi ukiuliza, baba au mama naye alichelewa.

Kwa usiku pampasi ya chupi iko mahali pake. Mvalishe bila aibu. Akianza kuamka mkavu asubuhi nyingi mfululizo, jaribu bila.

Ila hili mlishike: mtoto aliyekuwa mkavu miezi 6 au zaidi kisha ghafla akaanza kulowa tena, hasa akiwa na kiu isiyoisha, anakonda, au mkojo unamuuma, huyo apelekwe akapimwe mapema. Msiseme anajidekeza kwa sababu ya mdogo wake.

---

Bibi_wa_Tisa

Mama Junior, muulize mama mkwe wako kwa upole mumeo aliacha lini. Sisi kina bibi tunasahau.

---

MamaJunior

Bibi!! Nimeuliza. Miaka sita 🤐

---

MamaShani (mtoa mada)

Nimerudi wapendwa, siku ya 16.

Siku ya kwanza chupi tisa. Niliziweka kwenye ndoo nikazitazama nikataka kulia. Siku ya pili saba, na moja niliikalia mwenyewe bila kujua. Siku ya tatu alikwenda pale pale pembeni ya kochi, akasimama, akakaza macho kama kawaida, mkojo ukashuka miguuni. Jinsi alivyonitazama! Kama vile mguu umemsaliti. Kwa mara ya kwanza alisema "mama, susu". Alikuwa ameshamaliza, lakini alisema.

Nikahamishia poti pale pale pembeni ya kochi. Sikujua kwa nini sikufanya hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa sehemu yake ameshaichagua. Kuanzia siku ya sita akawa anakalia. Wiki hii nyumbani amelowa mara mbili tu, zote akiwa na maji anachezea. Usiku anavaa pampasi na sijali. Safari ndefu anavaa pia.

Kinachonishinda ni kituo cha kulelea watoto. Wao utaratibu wao lazima avae pampasi mpaka awe mkavu wiki nne. Kwa hiyo asubuhi namvalisha, jioni anarudi imejaa, na mimi najua kabisa huyu mtoto anaweza. Jumatatu ninamkuta amelowa, Jumamosi ni mkavu siku nzima. Mtoto mmoja!

---

Kaka_Mlezi

Yaani anaisoma nguo. Akivaa hii ni ruhusa, akivaa ile si ruhusa. Ana akili kuliko sisi.

---

MwalimuChekechea

Nimekuwa nasoma uzi huu kimya, leo naingia maana nimeguswa.

Mama Shani, nikueleze upande wetu. Nina watoto 12 na msaidizi mmoja. Mmoja akilowa sakafuni nambadilisha na kupiga deki, na wale 11 wanakanyaga. Ndiyo maana vituo vingi vinang'ang'ania pampasi. Si kwamba hatutaki afundishike.

Lakini masharti ya "mkavu wiki nne" akiwa ndani ya kitu kinachomruhusu kulowa, hata mimi siyaelewi. Nenda ukaongee na mwalimu wake mwenyewe, usianzie ofisini. Mwambie nyumbani huwa anakwenda saa ngapi na neno analotumia, maana mtoto anasema "susu" na mwalimu anasubiri asikie "chooni". Omba majaribio ya asubuhi tu, kuanzia anapofika mpaka wanapolala mchana. Pampasi avae ya kulalia. Peleka chupi na suruali za kutosha, mfuko wa nguo zilizolowa, na viatu vya pili. Viatu wazazi wote wanasahau.

---

MamaShani (mtoa mada)

Viatu! Hata sikuwaza.

Nimeongea na mwalimu wake leo jioni wakati wa kumchukua. Amekubali asubuhi tu, tuanze Jumatatu, ila ameniomba nisimwambie mkuu wa kituo mpaka Jumatano. Nimefunga begi tayari: chupi sita, suruali nne, mifuko, viatu vya pili. Mwenyewe ameongeza poti yake juu ya begi, anasema inakwenda shule. Sasa nafikiria jinsi ya kuitoa bila yeye kuona.

---

Bibi_wa_Tisa

Usiitoe. Ipeleke.